Abiria wa Jumatano

Jumatatu alasiri Bibiana alimfuata shemeji yake, Asheri, shuleni Ngamiani alikokuwa akifundisha jiografia.

"Kaka yako kafika."

"Kafika wapi?"

"Nyumbani. Kaoga, kala, anazungumza."

Asheri alicheka. "Shemeji, Ernesti ameondoka London leo asubuhi. Telegramu yake tuliisoma pamoja."

Alichukua tufe la dunia na uzi, akampimia. Kutoka London mpaka Nairobi ni zaidi ya maili elfu nne. Ndege huenda kama maili mia tatu kwa saa, na lazima itue Rumi, Kairo na Khartoum kujaza mafuta. Kisha abiria hulala Nairobi, apande ndege ndogo ya kuja Tanga.

"Sasa hivi hajafika hata Kairo. Huyo aliye kwako ni tapeli. Mfukuze."

"Tapeli anajua mtoto wetu amezikwa upande gani wa kanisa? Kaniambia mwenyewe, sikumuuliza. Tena kalia machozi, Asheri. Miaka minne kaka yako ananiandikia barua, hajamtaja mtoto hata mara moja."

"Basi kuna mtu kamwambia."

"Njoo umwone."

"Nikaone nini? Jambo hilo haliwezekani."

Hakwenda.

Jumatano ndege ilitua Tanga kwa wakati wake. Ernesti alishuka akiwa na koti la sufu mkononi, amechoka, amenenepa kidogo. Asheri alimkumbatia, kisha akamgeukia Bibiana.

"Umeona, shemeji? Jumatano, kama nilivyokwambia."

Ernesti alimpa mkewe mkono, kama watu wanavyopeana ofisini. "Hujambo, Bibiana. Umekonda."

"Sijambo."

Ndani ya teksi Ernesti alieleza joto la Khartoum na chakula kinavyoletwa kwenye sinia ndogo huko angani. Alieleza mpaka wakafika. Mtoto hakumtaja.

Mlango wa nyumba ulikuwa umekomewa kwa ndani. Ernesti akabisha.

"Nani?"

Ilikuwa sauti ya Ernesti. Ernesti aliyesimama barazani alijishika koo.

Asheri alirudia hesabu yake kichwani, maili kwa maili, akitafuta kosa. Hakuliona. Mtu aliye nje alikuwa amesafiri. Aliye ndani hapakuwa na safari yoyote ambayo ingeweza kumfikisha pale.

"Usijibu," alimwambia Bibiana kwa sauti ya chini. "Mumeo ndiye huyu. Nimemwona akishuka."

"Hata mimi nimemwona," alisema Bibiana.

Alimtazama mumewe kwa kitambo, kama anayempa nafasi ya kusema neno. Ernesti alikuwa akiutazama mlango tu. Bibiana akasogea mbele.

"Ni mimi. Fungua."

Komeo likavutwa. Nje jua lilikuwa la saa sita, lakini mwanga wake haukuvuka kizingiti. Bibiana alivua viatu, akaingia, na mlango ukakomewa tena.

Ernesti alibisha, akabisha kwa nguvu zaidi. Mara hii hakuna aliyeuliza ni nani.