Picha Arobaini na Moja za Mtani

Epifania alimwita Stumai mwizi siku ya Jumanne, saa mbili asubuhi, mbele ya karai la maandazi. Walikuwepo mwalimu mmoja mgeni, waendesha bodaboda wawili na mwanamke aliyekuja kuomba moto tu. Epifania ana miaka sitini na saba, lakini sauti yake bado inafika mtaa mzima wa Bombambili akitaka, na asubuhi ile alitaka.

"Nirudishie picha zangu, Stumai! Simu yangu hakuna aliyewahi kuishika ila wewe!"

Stumai aligeuza andazi, akaligeuza tena, ingawa lilikuwa limeshaiva pande zote. Ni majirani miaka kumi na tisa, ukuta wao wa nyuma ni mmoja.

"Picha zipi, dada?"

"Za Muhsini."

Mwalimu mgeni akachukua maandazi yake, akaondoka bila kungoja chenji.

Huyo Muhsini alikuwa muuza mchele sokoni, Myao wa Namasakata kule Tunduru, mkewe alishafariki zamani. Epifania ni Mngoni, mjane wa katekista. Kwa kuwa Mngoni na Myao ni watani, walianza kutukanana siku ile ile ya kwanza, Epifania aliponunua kilo mbili akadai moja ni ya mawe. Na utani una raha yake: unasema la moyoni mbele ya soko zima, na soko zima linacheka. Muhsini akitangaza, "Huyu bibi nitamwoa, nikamweke shambani afukuze nyani," watu walicheka. Epifania akijibu, "Uoge kwanza, nyani wasije wakadhani ni ndugu yao," watu walishika mbavu. Miaka sita walicheka, wala hakuna aliyejiuliza yule mzee chakula cha mchana anakula wapi. Stumai peke yake ndiye aliyejua, maana harufu ya kisamvu haizuiwi na ukuta. Tena yeye ndiye aliyewapiga picha, kwa simu ya Epifania.

Kisha Muhsini akaugua, ndugu zake wakamchukua, na Jumamosi moja akafariki. Kwa taratibu za Waislamu alizikwa siku hiyo hiyo alasiri. Epifania alifika Namasakata Jumapili jioni, akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Hakuwa mke, hakuwa ndugu. Akaingia kwa mlango uliokuwa wazi kwake: akaingia kama mtani. Akanyakua kofia ya marehemu, akaivaa, akatembea kwa kuchechemea kama yeye, akiwadai wafiwa mchele usio na mawe. Wafiwa wakacheka huku wanalia. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Hakuna aliyeuliza mbona mtani huyu, kila akimaliza kuchekesha, anakwenda nyuma ya jiko na kukaa huko kitambo.

Aliporudi Songea hakufungua picha. Alijua zimo, kama mtu anavyojua unga umo kwenye debe, na hiyo ilimtosha. Ikawa wiki ya kwanza, ya tatu, ya saba. Jumapili iliyopita, baada ya misa, akajikaza, akafungua. Mahali pa Muhsini akakuta viboksi vya kijivu, kila kimoja na alama ya mshangao, kana kwamba simu nayo imestuka. Akasema bando limeisha. Jumatatu akanunua bando. Vile viboksi vikaondoka kabisa! Akazima simu, akaiwasha. Akachomoa memori kadi, akaisugua kwa kanga, akairudisha. Wajukuu walikuwepo. Padre alikuwepo. Ng'ombe wa jirani aliyeingia kwenye mahindi alikuwepo, tena mara tatu. Muhsini hayupo.

Ndiyo maana Jumanne akaenda kwenye karai.

"Nenda kwa Emerensiana fundi," Stumai alisema, bado akiangalia maandazi. "Akikwambia ni mimi, rudi hapa unimwagie haya mafuta. Akikwambia siyo mimi, napo urudi."

Emerensiana alikuwa fundi cherehani kabla ya kuwa fundi simu. Meza ni ile ile, na futi ya kupimia bado inaning'inia ukutani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Simu yangu imemla mtu."

Akaeleza yote, na alipofika kwa Stumai akaongeza chumvi kidogo. Emerensiana akaichukua simu, akachomoa kadi, akaijaribu kwenye simu nyingine.

"Kadi nzima. Haina hitilafu."

"Basi ni kirusi."

"Bibi, kirusi kikija kinakula chochote. Hiki kimeacha padre, kimeacha ng'ombe, kimemchukua mzee mmoja. Ni kirusi gani hicho kinachojua watu kwa sura?" Akabonyeza huku na huku. "Picha zako hazikai kwenye kadi, wala humu ndani hazikai. Zinakaa kwenye akaunti, huko mtandaoni. Simu inakuonyesha tu. Ndiyo maana bando likiisha unaona kijivu."

"Akaunti yangu?"

"Imeandikwa Mwalimu Getruda."

Uso wa Epifania ukachangamka. "Ni binti yangu, anafundisha Makambako. Simu hii alininunulia yeye, Krismasi ya mwaka juzi. Mimi sina imeli, ningeipata wapi, darasa la saba la zamani lile? Akaweka ya kwake."

Emerensiana hakuchangamka. "Basi hii akaunti iko kwenye simu mbili, bibi. Kila picha unayopiga wewe, na yeye inamfikia. Na yeye akifuta huko kwake, kwako inaondoka."

"Afute kwa nini? Getruda hagusi cha mtu. Alipokuwa mdogo hata sukari alikuwa anaomba."

"Sijasema amefuta. Ngoja tuangalie kapu la taka."

Akalifungua. Muhsini akajaa kioo kizima. Muhsini na kofia, Muhsini bila kofia, Muhsini anapuliza chai, Muhsini amelala kwenye kiti mdomo wazi, Muhsini na Epifania wanagombea bakuli la kisamvu. Picha arobaini na moja. Epifania aliweka kiganja mezani ili meza isiondoke.

"Hivi vitarakimu chini yake ni vya nini? Kila moja ina nne."

"Ni siku, bibi. Hili kapu linakaa na picha siku sitini, halafu linazimwaga moja kwa moja. Zimebaki nne. Ungekuja Jumapili ijayo usingekuta kitu." Akasita. "Maana yake zilifutwa siku hamsini na sita zilizopita. Zote siku moja."

Epifania alihesabu kwa vidole, akarudia kwa njia ya wiki asije akamsingizia mtu. Wiki nane kamili. Jumanne kwa Jumanne. Jumanne ile alikuwa Namasakata, siku ya nne ya msiba, ameketi mkekani na kofia ya marehemu mapajani. Simu ikalia. Getruda. "Pole sana, Mama, kwa kumpoteza mtani wako. Kaa na wenzako upumzike, huku usiwe na wasiwasi." Naye Epifania alipokata simu aliwageukia wanawake waliokuwa naye, akawaambia: mnamwona binti yangu? Dini siyo yake, kabila siyo lake, lakini ana moyo.

"Bibi? Nikupe maji?"

"Nitolee mtu wangu kwenye taka."

Emerensiana akazirudisha zote, akazinakili kwenye kadi pamoja na za wajukuu. Akamwonya kwamba akaunti bado ni ya Getruda, na kwamba hata sasa hivi akitaka anaweza kuzifuta tena upya. Za kwenye kadi tu ndizo zitakazobaki. Bora kuikata, afunguliwe ya kwake.

"Usikate bado," Epifania alisema. "Nipe kalamu."

Akachana kipande cha boksi la chaja, akaandika kwa herufi kubwa alizofundishwa kwa fimbo: GETRUDA MWANANGU, NIMEZIKUTA. NIPIGIE. MAMA. Akakisimamisha mezani, akakipiga picha. Kisha akaketi, simu mapajani, na kusubiri.

Emerensiana akahudumia mteja wa kioo, akahudumia mteja wa chaji. Ile picha ya boksi ilikuwepo. Ilikuwepo. Epifania akapangusa kioo kwa kanga, na alipoinua kanga ilikuwa haipo. Simu haikulia. Wakangoja tena, mpaka mteja wa kioo akamaliza kubishana bei na kuondoka. Haikulia.

"Labda hakusoma, bibi."

"Amesoma. Ni mwalimu yule. Akishasoma anafuta ubao." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamshinda. "Kata."

Alasiri alikwenda kwa Stumai. Stumai alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua choroko, na hakumkaribisha.

"Nimekuja," Epifania alisema.

"Nakuona. Nilete mafuta?"

"Siyo wewe."

"Ah! Asante kunifahamisha. Nilikuwa nimeanza kujishuku."

"Ni Getruda."

Hapo mikono ya Stumai ikasimama ndani ya ungo. Alimjua Getruda tangu akivaa sare za shule. Hakusema pole. Alivuta kigoda cha pili kwa mguu.

"Kaa. Lakini samahani yako siitaki hapa tukiwa wawili. Kesho saa mbili uje uiseme mbele ya karai, kwa sauti ile ile. Na mimi nitajifanya sisikii mpaka urudie."

"Nitarudia."

"Mara tatu."

"Usizidishe, Stumai."

Simu ikalia. Getruda. Epifania akaiangalia ikilia, kisha akapokea na kuweka spika, maana hakutaka kuwa peke yake nayo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Watoto wazima. Mvua mmepata?"

"Imetunyima. Inaonyesha mawingu halafu inakwenda kwa wenzetu."

"Pole. Mama, nilitaka kuuliza, hiyo simu yako ina shida? Maana tangu mchana picha zako hazi..."

Epifania akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Hazi nini?"

"Hazionekani."

"Hazionekani wapi, Getruda? Simu yangu hii hapa, mimi naziona. Kwani ulikuwa unaziona ukiwa wapi?"

Stumai alishikilia ungo asije akautikisa. Huko Makambako mtoto alikuwa akisoma kwa sauti, akikosea, akirudia.

"Mama, zilikuwa zinakuja zenyewe," Getruda alisema mwishowe, na sauti ya ualimu ilikuwa imemwisha. "Mume wangu anashika simu hii. Wakwe wanaishika. Unafungua unakuta yule mzee amekaa amevaa singlendi tu kwenye kiti cha Baba. Ningewaambia ni nani? Nilikuwa nalinda heshima yako."

"Mtani. Ungewaambia ni mtani. Mimi niliwaambia hivyo watu wa Namasakata, na walinipa chakula."

"Mama..."

"Sikugombezi. Nina swali moja tu. Jumanne ile ulinipigia simu, ukanipa pole, nami nikakusifu mbele za watu. Ulifuta kwanza, ndipo ukanipa pole? Au ulinipa pole kwanza, ndipo ukafuta?"

Mtoto wa Makambako alifika mwisho wa ukurasa, akaacha kusoma. Epifania alisikia binti yake akivuta pumzi.

"Mama, nitakupigia baadaye."

Simu ikakatika. Stumai alimimina choroko zilizochambuliwa kwenye sufuria, akaanza kuchambua nyingine. Epifania alibaki ameshika simu mbele yake kwa mikono miwili, huku akihesabu tena Jumanne ile: alipigiwa saa ngapi, jua lilikuwa wapi, na kama sauti ya Getruda siku hiyo ilikuwa ya mtu aliyekwishamaliza kazi au ya mtu aliyekuwa bado hajaianza.