Ua Lililokosa Mbishi

Kutambua mmea ni kazi ya watu wawili: mmoja anashika kitabu na kuuliza, mwingine anashika ua na kujibu. Miaka yote mkaguzi wa msitu aliifanya na wifi yake, na ubishi wao ulifukuza ndege. Sasa wifi amezikwa, na kitabu na ua vyote vimemwangukia mtu mmoja mwenye kiuno kibovu.

Mlima ulikuwa mkavu, misonobari inanuka utomvu juani. Mbele yake yungiyungi moja jeupe, la nchi kavu, lilikuwa limechanua. Likiwa la asili, njia mpya ya kupitishia magogo italizunguka. Likiwa limetoroka bustani za watu, njia itapita juu yake.

"Shangazi, vipi?" msimamizi wa wakata njia aliita. "Vijana wanaota mizizi huku!"

"Waache waote, nitawatambua na wao."

Akajisomea: majani yamekaa moja moja, au yamezunguka shina kama pete? Akatazama. Moja moja. Basi, kitabu kikasema ni la bustani. Akafungua mdomo awaambie wapite, mdomo ukasita. Mbona rahisi hivi? Kazi yao haikuwahi kwisha bila kutupiana maneno.

"Umeinama, au umechungulia kama mkwe mlangoni?" akajiuliza kwa sauti, akiongea puani kama wifi.

"Kiuno, wifi."

"Kiuno hicho hicho kilichocheza hadi kikavunja viti harusini kwangu? Piga magoti!"

Msimamizi akasogea. "Shangazi, unaongea na nani?"

"Na wifi yangu."

Msimamizi akageuza shingo huku na huku. "Yuko wapi?"

"Kaburini. Ila mdomo umegoma kuzikwa."

Mkaguzi akapiga magoti, akafukua takataka za misonobari zilizolifunika shina. Huko chini majani yalikuwa yamelizunguka shina kama pete, na chini ya pete hiyo kulikuwa na nyingine. Ya juu tu ndiyo yaliyotawanyika.

"La asili!" akapiga kelele. "Zungusheni njia!"

Vijana wakaguna, wakahamishia kamba zao nyuma ya mwamba, sauti za mapanga zikafifia. Yeye akabaki pale pale magotini. Akalisoma jina la ua kwa sauti, polepole, kwa maringo ya kumchokoza mtu. Akangoja. Nzi akapita.

"Haya, bisha basi," akasema.