Sentimita Nne za Ukuta

Mpimaji aliweka chombo chake cha mwanga mwekundu kwenye ukuta wa kuanzia, akasoma, akakunja uso, akasoma tena. Chama cha kuogelea kilikuwa kimeagiza mabwawa yote yapimwe kabla ya mashindano ya mwaka huu. Mimi nilisimama pembeni na filimbi shingoni, maana siku hizi nafundisha watoto palepale nilipoogelea.

"Mita ishirini na nne na sentimita tisini na sita," alisema. "Dada, bwawa lenu limepungua."

"Kwani bwawa ni sabuni, lipungue?"

Akacheka, akaniita kule mwisho nijionee mwenyewe. Ukuta ulikuwa na vigae juu ya vigae: safu ya zamani, saruji, kisha safu mpya. Sentimita nne zilikuwa zimeliwa.

"Nani aliviweka hivi?"

"Sijui," nilisema. Nilijua vizuri sana. Aliviweka baba yangu.

Nilianza kuogelea nikiwa na miaka tisa, na tangu mwanzo niliupenda mtindo wa kipepeo, ule ambao wenzangu waliukimbia. Mikono miwili inatoka majini kwa pamoja, miguu inapiga kwa pamoja, na ukutani lazima uguse kwa viganja vyote viwili, la sivyo unatolewa. Mita sabini za kwanza mtu unaweza kuringa. Thelathini za mwisho mabega yanawaka moto na unajuta kuzaliwa. Nilisafiri na timu ya taifa mara mbili, na mara zote mbili nilitolewa raundi ya kwanza. Nikiwa na miaka ishirini na sita bega la kulia likagoma kabisa, nikastaafu. Nilichobaki nacho kilikuwa kimoja tu: rekodi ya taifa ya mita mia, niliyoiweka humuhumu, wiki moja baada ya baba kuutengeneza ule ukuta.

Aliutengeneza kwa kujitolea, kwa sababu vigae vilivyovunjika vilikuwa vinanikata vidole kila nikigusa. Vya zamani viling'ang'ania na siku zilikuwa chache, basi akapandisha vipya juu yake. Hakuna aliyekumbuka kupima. Kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyenifikia, na nisiwe mnafiki, jina langu likitangazwa kila mashindano nilikuwa navimba kichwa.

"Bwawa likiwa fupi, rekodi haihesabiki," mpimaji alisema kwa upole. "Barua itakuja Jumatatu."

Hasira zangu ziko karibu. Nilimpasha maneno ambayo hakustahili, naye akakunja chombo chake akaniacha nimalize. Alipoondoka nilikaa kwenye benchi nikapiga hesabu. Mita mia ni kuvuka bwawa mara nne, kwa hiyo nilipunguziwa sentimita kumi na sita. Kwa kasi yangu ya siku ile, hizo ni sehemu kumi za mia za sekunde. Rekodi ya zamani niliivunja kwa sehemu kumi na tano. Nikarudia hesabu mara tatu. Tano zilibaki, safi, zangu.

Nilipofika nyumbani jioni baba alikuwa kibarazani na kikombe chake, miguu ameinyoosha. Magoti ya fundi vigae huharibika mapema. Njiani nilikuwa nimekata shauri kumficha. Kuhusu rekodi ile hakuwahi kujisifu hata siku moja, watu wakianza kuisifu alibadilisha mazungumzo, nami nilidhani ni unyenyekevu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Wamepima?"

"Wamepima. Hakuna neno."

"Wamepata ngapi?"

"Ishirini na tano."

Akaweka kikombe chini. "Usinidanganye. Ni ishirini na nne, tisini na sita."

"Umejuaje?"

"Nilipima mwenyewe siku niliyomaliza," alisema. "Nikasema mashindano yakiisha nitawaambia. Kisha ukatoka majini unalia na kucheka, watu wamekubeba juu juu. Ningesemaje?"

"Miaka kumi na miwili, baba!"

"Kumi na miwili."

Nilimkasirikia, sitaficha. Niliinuka, nikazunguka kibaraza, nikarudi. Alikuwa bado anaitazama mikono yake.

"Niambie kitu kimoja," alisema. "Wewe ndiye unayeyajua maji. Ukuta ungekuwa mahali pake, ungeivunja? Maana kama ungeivunja, basi mimi baba yako ndiye niliyekunyang'anya. Ndilo linaloninyima raha miaka yote hii."

Nilivuta kiti nikakaa karibu naye.

"Nisingeivunja, baba. Nimepiga hesabu leo. Zile sentimita ndizo zilizonibeba."

"Kweli?"

"Kweli. Hukuninyang'anya kitu."

Alishusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia, mabega yakamlegea. Akachukua kikombe, akanitazama, na kwa mara ya kwanza akaitania ile rekodi.

"Kumbe hata kasi yenyewe hukuwa nayo!"

"Sikuwa nayo," nikasema. Ikaniuma sana, nikamwongezea chai.