Mkasi Mkubwa wa Bi Mahfudha

"Jamani, mkasi wangu mkubwa uko wapi?"

Bi Mahfudha hakuwa amemaliza kuuliza, na tayari Asifiwe alikuwa amevua kandambili, amegeuza mifuko ya gauni nje, na kusimama akiutazama ukuta, viganja vyake vikiwa juu ya rangi iliyobanduka. Mwili ulifanya yote hayo kabla akili haijaulizwa.

Cherehani ya Benedicta, fundi wa duka, ilinyamaza.

"Makubwa! Mwizi kajikamata mwenyewe," Benedicta alisema, akicheka. "We mtoto, nani kakwambia umeiba?"

Asifiwe hakugeuka. Alikuwa na miaka kumi na saba, na miwili kati ya hiyo aliimaliza nyuma ya geti la shule ya maadilisho, ambako mikasi kumi na miwili ya darasa la ushonaji ilihesabiwa kila jioni. Ukipungua mmoja, wasichana wote walipangwa ukutani, wakapekuliwa, na chakula kikasubiri. Huu ulikuwa mwezi wake wa tatu akijifunza kukata mabaibui katika duka hili la Bi Mahfudha, Mwananyamala, na hakuna aliyejua alikotoka. Afisa ustawi wa jamii aliyemtafutia nafasi alimshauri aseme mwenyewe, siku atakapokuwa tayari. Kila asubuhi alijipa siku moja zaidi.

Bi Mahfudha aliinua kitambaa cheusi kilichotandazwa juu ya meza ya kukatia. Mkasi ulikuwa chini yake, mahali alipouacha mwenyewe.

"Huu hapa. Uzee huo," alisema. Lakini hakuwa akiutazama mkasi. "Geuka, mwanangu. Nani alikufundisha kusimama hivyo?"

Asifiwe aligeuka. Uongo ulikuwa tayari kinywani, mwepesi, wa kuhusu mama wa kambo mkali. Alihisi miguu mitupu ikiganda kwenye sakafu.

"Shule ya maadilisho, bi. Nilimpiga mtoto wa mwenye nyumba wetu kwa chupa. Alishonwa nyuzi tisa."

Feni ilizunguka. Benedicta aliuvuta mkoba wake kwa unyayo, taratibu, hadi chini ya kiti chake.

"Nyuzi tisa," Bi Mahfudha alirudia.

Aliujaribu mkasi kwenye pindo la kitambaa. Ukatafuna badala ya kukata. Kisha akauviringisha katika kipande cha kanga kuukuu na kumnyooshea.

"Umekuwa butu. Pita nao kwa mnoa visu wa mtaani kwenu. Kesho saa mbili asubuhi nikuone hapa. Mabaibui ya harusi yanatakiwa Ijumaa."

"Na asiporudi?" Benedicta aliuliza, bila hata kushusha sauti.

"Utakata kwa meno yako, Bene."

Asifiwe alitafuta hasira katika uso wa yule mama, kisha huruma. Hakupata hata moja, na hilo lilimtisha zaidi. Alivaa kandambili, akaupokea mkasi.

Mlangoni alisimama. Miguu ilijitenga yenyewe, mikono ikainuka kidogo kando ya mwili, akasubiri kupekuliwa. Hakuna aliyekuja. Nyuma yake, cherehani ilianza tena kunguruma.

Akashuka barabarani akiwa ameushika mkasi kwa mikono miwili, ncha ikielekea chini kama alivyofundishwa, na watu wakampita bila kumtazama.