Kibao cha Zamu

Tangu mumewe Ewald azikwe mwezi wa Februari, kile kibao hakikuning'inia tena kwenye mlango wa Rosalind.

Kilikuwa kibao kidogo cha mbao, kimetobolewa juu na kutiwa kamba, na maandishi yake yalisema tu kwamba wiki hii ni zamu ya mlango huu. Nyumba ilikuwa na milango mitatu. Chini aliishi Gerlinde Häfele, mjane wa miaka sabini na sita, katikati Rosalind, juu Nuray na mumewe, waliohamia miaka miwili iliyopita. Aliyepata kibao alifagia ngazi, akapiga deki, akasafisha njia ya mbele mpaka kwenye mapipa ya taka, na Jumamosi jioni akakitundika mlango wa pili. Hapakuwa na mkutano wala kukumbushana. Katika vijiji vile vya Swabia, kusini mwa Ujerumani, mtu angekusamehe kutokwenda kanisani kabla hajakusamehe kuiruka zamu yako.

Sasa kibao kilikaa kwa Gerlinde wiki mbili mfululizo, kisha kikampita Rosalind, kikapanda kwa Nuray, kikarudi chini. Rosalind alikiona kila aliposhuka kununua mkate. Mei ilikuwa imeingia, na zamu zake nne zilikuwa zimepita hivyo hivyo.

Angeweza kuuliza. Lakini alizaliwa Norfolk, Uingereza, na kwao mtu akikukanyaga mguu, wewe ndiye unayeomba radhi. Miaka thelathini na moja ya kuishi na Wajerumani, wanaokuambia usoni kwamba keki yako haikuiva, haikumtoa tabia hiyo. Basi alinyamaza, na ukimya ukamla. Aliwaza: zamu ilikuwa ya Ewald. Mimi nilikuwa mgeni wa Ewald tu. Mwenyeji amekwenda, mgeni naye aage.

Hakuwa amesahau mwaka ule Ewald alipovunjika kifundo cha mguu, yeye akafagia badala yake. Gerlinde alipita, akachungulia kona za ngazi zilizobaki na vumbi, akasema, "Haya, wiki ya Waingereza." Ewald alicheka mpaka akashika ubavu. Wakati ule hata yeye alicheka.

Jumamosi dada yake alipiga simu kutoka Norfolk.

"Roz, yule mwenye nyumba ya kupanga huku anataka jibu," Beryl alisema. "Vyumba viwili, bustani ndogo, hatua mia kutoka kwangu. Nimembembeleza asubiri mpaka kesho jioni, zaidi ya hapo anampa mtu mwingine."

"Nitakuambia kesho."

"Kila siku kesho. Kuna mtu anayekuhitaji hapo, mdogo wangu?"

Rosalind alitazama koti la Ewald, ambalo bado lilikuwa nyuma ya mlango. "Sijui," alisema, na kweli hakujua.

Asubuhi ya Jumapili, kengele za kanisa zilipokoma na barabara ikabaki tupu, alishuka stoo akachukua ufagio wa Ewald wa mpini mrefu. Kama ni kuondoka, ataondoka, lakini hawatasema kwamba ngazi zilimshinda. Alianza juu kabisa, akashuka kona kwa kona, akatoka nje. Ufagio ulikwaruza mawe ya njia.

Dirisha la chini likafunguka kwa kishindo.

"Rosalind! Una wazimu? Leo Jumapili!"

Gerlinde hakwenda kanisani. Goti lilikuwa limemzuia. Alikuwa na gauni la kulalia, nywele zimesimama upande mmoja.

"Najua ni Jumapili."

"Anajua, anasema! Watu wanapumzika, na wewe kwaru, kwaru, kwaru! Mchungaji atakusikia huko madhabahuni!"

Nuray alichomoza kichwa juu. "Mama Häfele, sauti inayofika kanisani ni yako."

"Wewe nyamaza huko, wewe na baiskeli zako kwenye ngazi!"

Rosalind alisimama na ufagio mkononi. Kwa miezi mitatu watu walikuwa wakimnong'oneza, dukani, posta, kila mahali, kana kwamba ni yai. Hakuna aliyemfokea. Sasa amefokewa, na yakamtoka maneno ambayo mama yake mzazi angeyaonea aibu.

"Basi nipe siku ya kufagia! Kibao changu kiko wapi? Kama nimekuwa mgeni katika nyumba hii, niambieni usoni, kama mnavyoambiana wenyewe!"

Gerlinde aliinama nje ya dirisha. Halafu akasema, "Mgeni wa nani?"

"Kinakaa kwako wiki mbili, kisha—"

"Ya kwanza yangu, ya pili yako! Zote nimefagia mimi, na goti hili lililojaa maji. Mfiwa hafagii. Kurt wangu alipokufa, Ewald alinifagilia mpaka theluji ikaisha, wala hakusema neno. Hukujua?"

Hakujua. Alikumbuka tu msimu ule Ewald alivyokuwa akishuka na ufagio kila mara, naye akidhani mume anaikimbia redio yake ya Kiingereza.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungeuliza."

"Mngeniuliza mimi," Nuray alisema kutoka juu.

Gerlinde alivuta dirisha, kisha akalifungua tena. "Na hapo karibu na pipa umeacha majani."

Jioni, Rosalind alipofungua mlango, kibao kiligonga mbao kidogo kwa kamba yake. Kilikuwa kimechelewa siku moja, jambo ambalo Gerlinde hakuwahi kulifanya maishani. Simu ilikuwa inalia.

"Siwezi, dada," alimwambia Beryl. "Wiki hii ni zamu yangu."

"Zamu ya nini?"

"Ya ngazi."

"Roz, ngazi? Na wiki ijayo?"

"Ya Nuray. Halafu ya Gerlinde, lakini goti lake ni baya, kwa hiyo hiyo nayo ni yangu."

"Haya," Beryl alisema taratibu. "Nitamwambia mwenye nyumba. Lakini mwezi wa nane uje, na usiniletee ile mikate yenu migumu."

Jumamosi Rosalind alifagia. Jumapili ile ya hasira hakuwa ameona kitu. Sasa aliona kwamba ufagio umelika upande mmoja, mshazari, na kwamba kila akivuta, unaacha mstari wa vumbi. Akaugeuza, akautazama. Ewald alikuwa mtu wa mkono wa kushoto.

Akahamisha mikono, wa kushoto chini, wa kulia juu. Ilikuwa taabu mwanzoni. Kufikia kona ya tatu ufagio ulikuwa umelala sawa sakafuni.