Kundi la Maombi na Faili ya Kui

Mwihaki, muuza viazi wa Kitale, alikuwa na dawa moja tu ya kila shida: kuiandika kwenye kundi la maombi la wamama wa kanisa. Wako themanini na tatu. Mumewe Mbugua akivimba jino, anaandika. Ng'ombe akikataa kushika mimba, anaandika. Bintiye Kui, wa miaka kumi na sita, alipoacha kula na kulala, aliandika pia, na Jumapili hiyo mke wa pasta akamkemea pepo wa Kui kwa kipaza sauti, akitaja jina na darasa. Msichana wa watu akatamani ardhi ipasuke immeze.

Sasa Mwihaki amepata kadi ya kliniki ya ushauri nasaha kwenye mfuko wa sare ya Kui. Kliniki ya wapi? Kanduyi, Bungoma! Kwani Kitale madaktari wameisha? Akafunga kibanda, akashuka Bungoma amefura.

"Nataka faili ya mtoto wangu," alimwambia mshauri, dada mmoja wa buibui aitwaye Shamira. "Uchungu wa kumzaa niliusikia mimi, si wewe."

"Pole kwa uchungu, mama. Faili siwezi kukupa. Kui angekuwa hatarini, ningekupigia simu siku hiyo hiyo. Mengine ni yake, mpaka yeye aseme."

"Si ni mtoto! Nani alimruhusu?"

"Baba yake alitia sahihi, miezi miwili sasa."

Mbugua! Mwanaume asiyejua hata soksi zake ziko wapi ameficha siri miezi miwili bila kupepesa jicho!

"Na mimi? Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Hilo aliniruhusu nikujibu ukija. Alisema, 'Mum akijua, kanisa limejua.'"

Ilimuuma. Mwihaki alikaa kwenye benchi la nje akalia, kwa sababu kila asubuhi alikuwa akiogopa kufungua mlango wa Kui, asije akamkuta hapumui. Hofu hiyo hakuwa ameiandika popote.

"Nifanye nini, daktari?" alimuuliza Shamira, aliyemfuata nje.

"Kwa sasa nyamaza tu, mama."

Nyamaza! Afadhali angemwambia atembee kwa miguu mpaka Kitale.

Alipofika nyumbani, Kui alikuwa kwenye kochi. Mwihaki akamrudishia kadi yake ya kliniki. Simu ikalia. Kundi linauliza: "Dada Mwihaki, Kui anaendeleaje? Tuombe nini?" Kui aliiona, akakaza macho kwenye vidole vya mama yake.

Mwihaki akaandika, akafuta, akaandika tena: "Ombeni mvua."

"Mvua? Si inanyesha wiki nzima?" kundi likajibu.

"Basi ombeni isimame," akaandika.

Kui akacheka, kicheko kile cha puani ambacho hakikuwa kimesikika nyumba hiyo tangu Pasaka.

"Mathe, Alhamisi unaweza kunipeleka kliniki," akasema. "Lakini unabaki nje."

"Nje barabarani ama kwenye benchi?"

"Benchi."

"Benchi ni sawa."

Jioni hiyo Kui alimaliza ugali wake, akaongeza. Mwihaki aliona, akainuka akaosha sufuria, na wale themanini na tatu hawakuambiwa kitu.