Kioo cha Mbele cha Gari la Baba

Kama kulikuwa na mtu mjini Hamtramck aliyeujua ubaya wa supaglu, ile gundi ya kukauka papo hapo, mtu huyo alikuwa Kaz Wojtowicz. Kila Jumanne wazee wa klabu walipokutana ukumbini, chini ya kanisa, kuunganisha magari yao madogo ya plastiki, Kaz alisimama bila kuombwa na kuwahutubia. Vioo hubandikwa kwa gundi nyeupe, ile ya watoto wa shule, basi. Supaglu ina mvuke, na mvuke huo ukifungiwa hukifanya kioo cheupe kama maziwa, wala hakuna dawa. Wenzake walimsikiliza huku wakitafuta upenyo wa kwenda kuongeza kahawa.

Safari hii alikuwa akiunda gari la baba yake, Staszek. Si lile lenyewe. Lile liliisha kwa kutu zamani, na baba naye alishazikwa. Hili lilikuwa sedani ileile ya mwaka 1962, ila la kuenea kiganjani, kutoka kwenye boksi la zamani la vipande vya kuunganisha ambalo Kaz alilisaka kwa siri mpaka mkewe akamuuliza kama ana mwanamke mwingine. Alitaka kumpa mama yake, Jadwiga, siku ya kutimiza miaka tisini. Tangu Kaz akiwa mvulana, mama aliyaita magari hayo midoli, na hakuwahi kulitazama hata moja mara mbili. Kaz sasa alikuwa babu mwenye goti bovu, lakini bado alitamani, kabla mama hajafumba macho, atazame kitu kimoja kilichotoka mikononi mwake na kusema, hiki nakijua. Alijionea haya kwa kutamani hivyo, na hakuacha kutamani.

Basi akajitesa. Rangi ya bluu aliichanganya, akaimwaga, akaichanganya tena. Alitia nyaya za plagi nyembamba kama nywele, kila moja mahali pake kama ilivyokuwa kiwandani, kisha akabandika boneti isifunguke milele.

"Sasa hizo nyaya nani ataziona?" mkewe akamuuliza.

"Mimi najua zipo."

"Haya, baba. Hongera."

Asubuhi ya sherehe, gari likiwa limekamilika, kioo kidogo cha kutazamia nyuma kikadondoka ndani. Gundi nyeupe ingechukua muda kukauka, na Lyle, mwenzake wa klabu aliyekuja kumpeleka, alikuwa nje anapiga honi. Kaz akatazama huku na huku kama mwizi. Akakishika kioo cha mbele kwa dole gumba, akapenyeza tone la supaglu dirishani kwa ncha ya sindano, tone moja tu. Kisha, gari lisije likapata vumbi, akalitia kwenye boksi lake na kulifunika vizuri kabisa.

Alilifunua jikoni kwa mama, nyuma ya sinia la pierogi, vile viandazi vya Kipolandi vya kujazwa viazi. Kioo cha mbele kilikuwa cheupe chote. Katikati ya weupe ule, upande wa dereva, alama ya dole gumba lake ilikuwa imejichora.

Lyle akainama kutazama. "Kaz. Hiyo si supaglu?"

"Nyamaza."

"Mwalimu wetu! Ngoja Jumanne ifike!"

Kaz akatamani sakafu ipasuke immeze. Miezi yote ile, nyaya zote zile, na sasa anampelekea mama mdoli mwenye mtoto wa jicho. Akaanza kulirudisha boksini.

"Unaficha nini huko?" Jadwiga aliita kutoka mezani. Macho yake yalikuwa hafifu, lakini kwa vilivyofichwa yaliona vizuri. "Lete hapa. Nina miaka tisini, sina muda wa kubembelezana."

Akampelekea. Mama akavaa miwani, akalizungusha gari taratibu. Bluu aliipita. Nyaya, bila shaka, hakuziona. Alipofika kwenye kioo cha mbele akatulia.

"Hili ni la Staszek," alisema.

Kisha akacheka mpaka akashika meno yake ya bandia. "Hita! Mwanamume anashinda kiwandani anawafungia watu hita za magari, ya kwake imekufa! Barafu inaganda ndani ya kioo, basi anabandika dole gumba hapa, hapa hasa, mpaka kitundu kinayeyuka, anachungulia kwa jicho moja mpaka kanisani. Mimi nasali njia nzima. Nikifika sina la kusali tena!"

Akaweka dole gumba lake juu ya alama ile. Cheko likamkatika, machozi yakamtoka. "Nilidhani nimebaki peke yangu ninayekumbuka."

Lyle alimtazama Kaz. Kaz angenyamaza tu, mama angeamini kwamba alama ile aliiweka makusudi. Lakini miaka ile alikuwa akikaa kiti cha nyuma, amefunikwa blanketi mpaka puani, na hakukumbuka chochote.

"Mama," alisema, "sikukumbuka. Nilikosea gundi."

"Najua," mama alijibu, bila kuondoa kidole. "Si mimi niliyekuzaa? Ungefanya makusudi ungeharibu."

Akalivuta gari karibu na sahani yake. "Leteni keki. Na huyo rafiki yako mwambie asiguse kioo changu."